Mzee Akiuliza Swali Mahakamani

Kuna kimya fulani ambacho sisi wa upande wa mashtaka tunakipenda sana. Shahidi amemaliza kusema, wakili wa utetezi amemhoji mpaka amechoka, nasi tumesimama tena kurekebisha pale palipochubuka. Jaji anaandika. Hakuna mwenye lingine. Mwendesha mashtaka anashukuru moyoni, maana shahidi wake amevuka mto bila kulowa.

Nimefanya kazi hii Kitale na Bungoma, na kimya hicho nakijua. Lakini nimekuja kuamini kwamba si rafiki wa haki. Mtu aliyepewa kazi ya kuamua kama mwenzake ana hatia anafaa aruhusiwe kuuliza asichokielewa, hata kama swali lake litaniharibia kesi. Wenzangu wengi hawakubaliani nami, na sababu zao si za kupuuzwa.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nani. Msomaji aliyezoea sinema za Marekani anajua juri, wale raia kumi na wawili wanaokaa pembeni. Hapa Kenya Mwafrika hakuwahi kupewa hao. Tulikuwa na wazee wa baraza. Kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu ilisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee watatu ambao hawakuwa wanasheria: pengine mwalimu mstaafu, mkulima, mwenye duka. Walisikiliza ushahidi wote, na mwishoni kila mmoja akasema kama anaona mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hakufungwa na maoni yao. Sheria iliwaruhusu pia kumuuliza shahidi maswali, kupitia kwa jaji au kwa idhini yake. Mwaka 2007 Bunge lilibadilisha sheria, wazee wakaenda nyumbani. Tangu hapo jaji anaamua peke yake.

Mfumo ule haukuwa malaika. Ulizaliwa na ukoloni na ulikuwa na ubaguzi ndani yake. Mzungu akishtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Juri ya namna hiyo ndiyo iliyomtia hatiani Peter Poole kwa kumuua Mwafrika Nairobi mwaka 1959, naye akanyongwa Agosti 1960. Dedan Kimathi, Nyeri mwaka 1956, alipata jaji na wazee watatu wa Kiafrika ambao kazi yao ilikuwa kushauri tu. Na jirani yetu hapa Kapenguria, katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano ya mwaka 1952 hadi 1953, hata wazee hawakuwapo. Alikuwapo hakimu mmoja, Ransley Thacker. Mawakili walilala Kitale, asubuhi wakapanda gari kwenda kubishana, jioni wakarudi. Wananchi waliruhusiwa kushtakiwa na kutoa ushahidi. Kuuliza hakukuwa kwao.

Kwa hiyo silii eti tumepoteza dhahabu. Ninachotaka kukipima ni kitu kimoja tu kilichokuwa ndani ya mfumo ule, yaani swali la mtu wa kawaida.

Chukua kesi ya mfano, ya aina ambayo mtu yeyote wa Kimilili au Kiminini anaweza kuisadiki. Usiku wa manane watu wanavunja mlango, mwenye nyumba anakatwa panga, anafariki. Mjane anasema alimtambua mmoja wao, jirani yake. Namuuliza, "Ulimwonaje?" Anajibu, "Kulikuwa na mwanga wa koroboi." Naendelea na mengine. Wakili wa utetezi anashughulika na ugomvi wa mpaka wa shamba, anataka ionekane mjane ana kinyongo. Anamaliza, anakaa. Hapo mzee mmoja anainua mkono, jaji anampa ruhusa, naye anauliza: "Mama, pole sana. Hiyo koroboi ulikuwa umeiweka wapi? Na mlango ulipoanguka, upepo haukuizima?"

Basi, kesi nzima imehamia kwenye swali hilo. Kila aliyesoma kwa koroboi utotoni anajua kwamba ukifungua mlango ghafla moto wake hulala, na mara nyingi huzima. Si jambo la vitabu vya sheria, ingawa vitabu vinakubaliana naye: katika kesi ya Maitanyi, mwaka 1986, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba shahidi anapodai kumtambua mtu usiku, ni lazima ichunguzwe ni mwanga gani ulikuwepo, ulikuwa na nguvu kiasi gani, na ulikuwa wapi ukilinganisha na mshtakiwa. Mzee hakuisoma kesi hiyo. Alifika hapo hapo kwa njia ya jikoni kwao.

Sasa sikiliza mfano wa pili, maana ndio unaonisumbua zaidi. Shahidi anatoka upande wa Bungoma. Anasema anaikumbuka siku ile vizuri kwa sababu ilikuwa Agosti, msimu wa tohara, vijana walikuwa wakipita barabarani na njuga zao kualika jamaa. Hati ya mashtaka inasema ni Agosti ya mwaka 2005. Mimi niliyesomea sheria Nairobi naweza nisione kitu hapo. Jaji aliyehamishwa juzi kutoka pwani naye haoni. Lakini mzee wa Kibukusu anakunja uso, kwa sababu Wabukusu hutahiri miaka ya shufwa: 2002, 2004, 2006. Mwaka 2005 hakukuwa na msimu.

Mzee huyu sasa ana njia mbili. Akikatazwa kuuliza, hatasahau anachokijua. Atakibeba kichwani mpaka siku ya maoni, na kwa sababu hiyo peke yake atamwona shahidi kuwa mwongo. Mimi sitajua kilichomwangusha shahidi wangu. Wakili wa utetezi hatajua kilichomwokoa mteja wake. Shahidi mwenyewe hatapata nafasi ya kusema, "Mzee, wale vijana hawakuwa Wabukusu," au "Nilichanganya, ilikuwa mwaka uliofuata," au, kama ni kweli anadanganya, kunyamaza mbele ya watu wote.

Akiruhusiwa kuuliza, alichokijua peke yake kinawekwa mezani. Kinaweza kujibiwa, kupingwa, kuandikwa kwenye rekodi na kusomwa na majaji wa rufani. Ndiyo maana nasema mzee anayenyimwa swali hageuki kuwa mtu asiye na upande. Anageuka kuwa shahidi wa siri, ambaye hakuapa na hakuna anayeweza kumhoji. Shaka yake inaingia naye chumbani, na huko hakuna wa kuijibu.

Wenzangu wana pingamizi mbili. Ya kwanza inasema hivi: mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Nikisahau kuuliza koroboi ilikuwa wapi, hilo ni shimo langu, na mshtakiwa ana haki ya kufaidika nalo. Mzee akiliuliza, na mjane akajibu kwamba koroboi ilikuwa ndani ya chungu kilichovunjika, mbali na mlango, na wala haikuzima, basi mzee amenizibia shimo. Mwamuzi amefanya kazi ya upande mmoja.

Pingamizi hii ina uzito, wala siitupi. Mshtakiwa ana haki ya kuachiliwa pale ambapo ushahidi haukutosha. Lakini sioni kama ana haki ya ukweli kubaki umefichika kwa bahati tu, kwa sababu wakili wa serikali alikuwa na mafaili kumi na mawili asubuhi hiyo. Halafu swali halijui litamfaa nani. Mzee alipouliza juu ya upepo hakujua jibu, nami sikulijua, na hapo ndipo usalama wake ulipo. Linalotakiwa ni mambo mawili. Swali lizaliwe na yale ambayo shahidi ameshayasema, lisiwe safari ya kutafuta ushahidi mpya kwa niaba ya serikali. Na jibu likishatoka, pande zote mbili zipewe nafasi ya kumhoji shahidi juu ya jibu hilo.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi, na kwa hiyo inafaa tuvuke mpaka. Tanzania walikaa na wazee wa baraza muda mrefu kuliko sisi. Ni mwaka 2022 tu ndipo sheria yao ilipomwachia jaji hiari ya kuketi nao au bila wao. Sheria yao ya Ushahidi, kifungu cha 177, inawaruhusu wazee kumuuliza shahidi. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imefuta mienendo ya kesi za mauaji zaidi ya mara moja kwa sababu wazee walipewa nafasi ya kumdodosa shahidi, sio kumuuliza tu. Kudodosa ni kazi ya mpinzani. Anayedodosa anataka shahidi aanguke, na mwamuzi hana ruhusa ya kuwa mpinzani wa mtu yeyote aliye mbele yake.

Naona mahakama ile iligusa penyewe. "Koroboi ilikuwa wapi?" ni swali la mtu ambaye hajaelewa. "Si wewe ulitaka shamba lake?" ni swali la mtu ambaye ameshaamua na sasa anatafuta mashahidi wa uamuzi wake. Maneno yanaweza hata kufanana. Tofauti iko kwenye kama muulizaji yuko tayari kwa jibu lolote. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini kuna kuuliza ambako si kuuliza.

Tatizo ni kwamba hakuna mita ya kupima moyo wa mtu. Ndiyo sababu utaratibu unasaidia. Katika mahakama za jimbo la Arizona, Marekani, tangu mwaka 1995 wajumbe wa juri huandika swali kwenye karatasi. Jaji hulisoma kwanza, mawakili wakapata nafasi ya kulipinga shahidi asipolisikia, na likipita ni jaji anayeliuliza. Sauti ya mjumbe na hasira yake vinabaki kwenye karatasi, swali lenyewe linapita. Ni kichujio kama cha chai. Kinapunguza majani, hakimalizi yote.

Niseme pia jambo la ndani la kazi yetu. Tukiwa wakweli, hofu ya mwendesha mashtaka juu ya swali la mzee mara nyingi haitoki kwenye kanuni. Inatoka kwenye kutaka kushinda. Wakili wa mshtakiwa ana haki ya kutaka kushinda, ameajiriwa kwa hilo. Mimi je? Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azingatie maslahi ya umma na maslahi ya utoaji wa haki. Haimtaki ahesabu ushindi. Kama kesi yangu inaweza kuangushwa na swali moja la mkulima kuhusu upepo, basi haikuwa imesimama. Ilikuwa imeegemea kimya.

Sasa wazee hawapo. Mahakama Kuu ya Kitale na ile ya Bungoma, jaji ndiye anayesikiliza na ndiye anayeamua. Sheria inamruhusu kuuliza, na wengi wao wamekulia kijijini na koroboi wanaijua kuliko mimi. Lakini majaji huhamishwa, na sheria inaruhusu kesi iliyoanzwa na mmoja imaliziwe na mwingine ambaye anawasoma mashahidi kwenye karatasi tu. Karatasi huwezi kuiuliza upepo ulitoka upande gani. Karani anayetafsiri kutoka Kibukusu anajua mambo mengi, ila kazi yake ni kupitisha maneno ya wengine. Na pale nyuma, kwenye mabenchi, wamekaa watu wa ukoo wa marehemu na wa ukoo wa mshtakiwa, na shahidi akisema neno lisiloingia akilini utasikia mnong'ono ukipita kama nyuki. Mlinzi anasema, "Kimya!" Pengine jibu la kesi lilikuwa ndani ya mnong'ono ule, na sheria yetu ya leo haina mlango wa kuliingiza.

Sisemi wazee warudishwe kesho. Kuwapata, kuwalipa, kuwalinda wasihongwe wala kutishwa katika mji ambako kila mtu anamjua mwenzake, ni kazi kubwa. Ninachosema ni kwamba kuwaondoa wazee hakukuondoa haja ya swali lao. Mtu lazima alibebe, na wa kwanza kulibeba ni sisi.

Kwa hiyo ninapowaelekeza mawakili vijana nawaambia: kabla shahidi hajapanda kizimbani, soma taarifa yake kana kwamba wewe ni mkulima wa Kimilili usiye na haraka. Taa ilikuwa wapi? Mahindi yalikuwa yamefika wapi mwezi huo, ya kumficha mtu au ya magotini? Mwaka huo ulikuwa wa tohara? Yaulize mwenyewe hayo maswali, mbele ya jaji, hata yale ambayo ungependa yasiulizwe. Jibu likibomoa kesi, mjane atalia na utamkabili nje kwenye ngazi, na haitakuwa rahisi, kwa sababu mume wake bado amekufa na aliyemuua bado yuko huko nje. Lakini mtu wa pili hataenda Kamiti maisha yake yote kwa sababu ya moto wa koroboi uliokuwa umezima.