Tunamfunga ngamia au tunamfunga jirani?

Ipo hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia tangu tukiwa madrasa. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake na kumtegemea Allah, au amwache huru na kumtegemea Allah. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Ameipokea Imam Tirmidhi. Nikiifundisha darasani hakuna mwanafunzi anayebisha. Ubishi huanza ninapouliza swali la pili: na yule jirani tunayehisi kwamba anaweza kumwiba ngamia huyo, tumfanye nini?

Ndugu Waislamu, swali hili tunalijibu kila siku bila kujijua. Katika msikiti mmoja hapa mjini iliibwa amplifaya usiku, baada ya watu kuondoka Isha. Kamati ikakaa. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo bovu tangu kabla ya Ramadhani, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Lakini sehemu kubwa ya kikao ilikwenda kwa kijana mmoja mwenye rasta, aliyesilimu miezi michache nyuma, ambaye kosa lake ni kupenda kukaa peke yake kwenye nguzo ya mwisho. Komeo lilizungumzwa dakika tano, tena wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao! Habari zilimfikia kijana, na hakuonekana tena pale. Mwizi hajajulikana mpaka leo.

Hebu tuangalie dini inasemaje. Katika Surat An-Nisaa (4:71) waumini wameamrishwa kuchukua hadhari, na aya ya 102 ya sura hiyo hiyo inaeleza namna ya kuswali vitani kwa zamu, kundi moja likiswali na jingine likilinda. Kwa hiyo anayedhani kuwa kukaa macho ni upungufu wa tawakkul hajaisoma vizuri Qur'an. Lakini Mola huyo huyo, katika Surat Al-Hujurat (49:12), ametukataza kukithirisha dhana na ametukataza kupelelezana. Amri hizi hazigongani. Kwa ufahamu wangu, hadhari huanzia kwenye kitu au kitendo: mlango, komeo, begi lisilo na mwenyewe, mtu anayejaribu vitasa vya magari saa nane za usiku. Dhana iliyokatazwa huanzia kwenye sura, kabila au vazi, halafu ndipo inatafuta kitendo cha kumbandika mtu.

Najua nitaambiwa kwamba nasema maneno ya darasani na dunia imeharibika. Ni kweli. Hata Sayyidna Umar (R.A.) alichomwa jambia akiwa katika swala ya Alfajiri, mwaka wa 23 Hijria. Kule Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili. Ndiyo maana siungani na wanaosema kumweka mlinzi mlangoni ni kuvunja heshima ya nyumba ya Allah. Lakini tazameni yaliyotokea karibu na Oslo, Norway, Agosti 10 mwaka huo huo, siku moja kabla ya Idd. Mtu mwenye silaha alivamia msikiti. Aliyemkaba na kumwangusha chini ni mzee wa miaka 65, Mohammad Rafiq, mstaafu wa jeshi la anga la Pakistan. Mzee yule hakuhitaji orodha ya watu wa kushukiwa. Aliona bunduki, akachukua hatua.

Na sisi ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kusahau. Aprili 2014 polisi wa Kenya walifanya msako mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa, na wengine wakawekwa katika uwanja wa Kasarani. Tulilalamika, na tulikuwa na haki, kwamba mtu hashikwi kwa sura yake. Je, rasta si sura?

Tena hapa mjini dhana inaua. Neno "mwizi" likipigwa kituo cha daladala hakuna anayeuliza ushahidi. Yanakuja mawe, kisha tairi na petroli. Siku hizi hata kupiga kelele hakuhitajiki. Picha ya mtu asiyejulikana inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, chini imeandikwa "jihadharini na huyu", nasi tunaisambaza kabla hatujauliza amefanya nini. Nimeona Waislamu wakifanya hivyo wakiwa wamekaa msikitini wanasubiri iqama. Naomba masheikh wenye fiqhi yao watuambie: mtu yule akiuawa kwa sababu ya picha ile, naye hakuiba hata sindano, damu yake inadaiwa kwa waliorusha mawe peke yao?