Idhini ya Aliyelala Kitandani

Wako watu wenye akili zao ambao wakisikia kuwa mgonjwa aliyelazwa amependekezewa kupimwa virusi vya UKIMWI hukasirika, wakasema: "Ameingia kwa kifua, haya mengine yametoka wapi?" Twawajibu kuwa huenda yametoka katika kifua hicho hicho. Kifua kikuu na homa ya mapafu mara nyingi hupata njia kwa kuwa virusi vimekwisha kudhoofisha kinga ya mwili, na tabibu atazamaye kifua peke yake ni kama baharia atoaye maji chomboni asitafute yaingilia wapi. Kwa hiyo mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa, katika nchi zilizoenewa na maradhi haya, kila aendaye kutibiwa apendekezewe kipimo, naye aachiwe kukataa. Na tangu mwaka 2016 hapa Kenya aonekanaye navyo huanzishiwa dawa bila ya kungojea adhoofike.

Basi kupima twakukubali. Tunalolishuku ni namna ya kuuliza.

Vitanda vimekaribiana, muuguzi ana haraka, asema: "Tutakupima, sawa?" Mgonjwa ajibu sawa, kama alivyojibu kwa sindano na kwa dripu. Je, hiyo ni idhini? Sheria ya mwaka 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ndipo atibiwe. Lakini asiyeweza kuketi bila ya kushikwa humwogopa yule ashikaye dawa yake hata asipotishwa. Neno "sawa" la mtu asiyejua kuwa aweza kukataa na bado akatibiwa, sisi hatuliiti idhini. Wauguzi watasema hawana wakati, nasi twajua kuwa ni wachache na kazi ni nyingi. Walakini aliyepata nafasi ya kumtoboa kidole hakosi nafasi ya kumweleza kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia, wageni wakiwa wametoka.

Kisha huja majibu, na jamaa. Mama, shangazi na mashemeji, kila mmoja ataka kujua ameonekana na nini, na alipiaye matibabu hudhani amenunua na habari. Hakununua. Majibu ni amana ya mgonjwa.

Na mke, je, akaaye kando ya kitanda akimlisha uji? Huyu si mpelelezi. Afya yake imo hatarini. Twaona ni wajibu wa mume kumwambia, na wajibu wa mshauri kumhimiza na kuketi nao wawili akiombwa, ili naye apimwe. Mume akishikilia kunyamaza, baadhi yetu wasema siri hukoma pale imdhurupo asiyejua. Wengine wachelea kuwa wagonjwa wakilisikia hilo hawatakubali tena kupimwa. Tumelizungumza darsani mara mbili, na hatujaafikiana.