Mwigizaji Mbele ya Kamati

Februari 26, 2014, waigizaji wawili wa Hollywood waliingia katika Seneti ya Marekani, kila mmoja na kamati yake. Ben Affleck alikwenda kuzungumzia Kongo mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje. Seth Rogen, ambaye kazi yake ni kuchekesha watu, alikwenda mbele ya kamati ndogo ya matumizi ya serikali kuzungumzia ugonjwa wa Alzheimer, ambao mama mkwe wake aligunduliwa nao akiwa na miaka 55 tu. Kamera zilikuwepo. Maseneta wakawa wanatoka mmoja mmoja, na alipomaliza kusema walikuwa wamebaki wawili. Mmoja wa walioondoka akamshukuru baadaye mtandaoni kwa kujitokeza. Rogen akamjibu papo hapo, mbele ya kadamnasi: mbona uliondoka kabla sijazungumza?

Swali hilo nalipenda kuliko hotuba yenyewe. Tumezoea kuamini kwamba mtu maarufu akisema, wakubwa husikiliza. Siku ile wenye kura walikuwa na shughuli nyingine, na jina la Rogen halikuwazuia mlangoni.

Affleck aliketi mbele ya kamati yake akiwa amevaa suti. Alikuwa ameanzisha shirika la kusaidia watu wa mashariki ya Kongo mwaka 2010, ameshafika huko mara kadhaa, na hakuwa mgeni wa vikao hivi. Desemba 2012, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, alikuwa mbele ya kamati ya ulinzi ya Baraza la Wawakilishi akiwaeleza wabunge hatari iliyopo. Mwaka 2014 alikiri mwenyewe kwamba yeye si mtaalamu wa Kongo. Uungwana huo nauheshimu. Wako wanaokaa kwenye kiti hicho wakidhani umaarufu ni shahada.

Hata hivyo, kila nikimtazama hupata kero ndogo isiyoisha. Goma, Bukavu na Uvira ni miji ya Waswahili kwa maana ya lugha: sokoni, kanisani na kwenye pikipiki watu husema Kiswahili. Mama aliyekimbia kijiji chake akiwa na mtoto mgongoni anaweza kueleza yaliyompata kwa maneno ambayo mimi na wewe tungeyaelewa bila mkalimani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliolala kwenye kitanda hiki ni wengi, wana midomo, na wanajua kusema. Kwa nini basi habari zao zifike Washington kwa kinywa cha mtu ambaye wakati huo alikuwa ameshatangazwa kuwa Batman ajaye? Najua jibu, nalo halinifurahishi. Bila Batman, waandishi wa habari wasingekuja.

Januari 2025 M23 waliingia Goma tena. Huo si mzigo wa mwigizaji, wala simtwishi.

Mtindo huu wa kuwaita waigizaji kwenye kamati si wa jana. Mei 1985, wakulima wa Marekani wakiwa wanafilisiwa na benki, wabunge wa chama cha Democratic waliwaita Jessica Lange, Sissy Spacek na Jane Fonda waje kueleza hali ilivyo mashambani. Sifa yao kubwa ilikuwa kwamba walikuwa wamecheza wanawake wa shamba katika filamu. Lange na Spacek walikuwa wametoka kushindania Oscar kwa nafasi hizo hizo, na tuzo ikachukuliwa na Sally Field, ambaye naye alikuwa ameigiza mjane mwenye shamba la pamba! Wapinzani wao walicheka sana, na sioni kwa nini nisicheke kidogo mimi pia. Lakini Lange alitokwa na machozi akisoma taarifa yake, na wakulima waliokuwa wamepiga kelele miaka mizima bila kusikika walipata nafasi katika taarifa za habari za jioni. Mkulima anayekaribia kupigwa mnada haulizi aliyemsemea amesomea wapi kilimo.

Kipimo changu kwa watu hawa, basi, kimekuwa kimoja: shahidi huyu anaweka nini rehani? Michael J. Fox alipokwenda Seneti mwaka 1999 kuomba fedha za utafiti wa ugonjwa wa Parkinson, makusudi hakumeza dawa zake kabla ya kuzungumza. Alitaka maseneta waone mwili unavyotikisika pasipo kificho. Huyo ni mtu ambaye mwili ndio mtaji wake, ambaye kwa miaka alikuwa ameuficha ugonjwa huo ili asikose kazi. Pale hakuigiza lolote.

Wapo pia walioweka rehani watu wengine. Oktoba 1947, Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikichunguza shughuli zilizoitwa "si za Kimarekani" iliwaita nyota wa sinema waseme Ukomunisti umeingia kiasi gani Hollywood. Gary Cooper, kipenzi cha filamu za wachunga ng'ombe, alieleza kwamba amekataa miswada kadhaa kwa kuwa ilinuka Ukomunisti. Alipoulizwa majina ya miswada hiyo hakukumbuka hata mmoja. Ronald Reagan, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1981, alitoa ushahidi siku hiyo hiyo. Walirudi nyumbani salama wakiendelea na kazi. Watu kumi, wengi wao waandishi wa filamu, waliokataa kujibu maswali ya kamati hiyo walifungwa jela, na majina yao yakafungiwa na studio.

Kamati hiyo hiyo ndiyo iliyomwita Paul Robeson. Baba yake alitoroka utumwani akiwa kijana, akawa mchungaji. Mwana akawa nyota wa mpira chuoni, akasoma sheria, akawa mwimbaji wa sauti nzito na Othello aliyejaza ukumbi Broadway mwaka 1943. Alipoishi London miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili darasani, kwa kutaka mwenyewe. Huko huko akaigiza katika filamu ya Sanders of the River, na miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kuvaa ngozi na kucheza wazee wa kijiji alikuwemo mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa inausifu ukoloni wa Kiingereza, na Robeson akaja kuikana.

Juni 12, 1956, Robeson aliketi mbele ya kamati hiyo Washington akiwa ametimiza miaka sita bila pasipoti, aliyonyang'anywa na serikali. Kumbi zilikuwa zimemfungia milango. Mwaka 1952 alikuwa ameimba juu ya lori mpakani, akiwaimbia Wakanada waliokuwa ng'ambo ya pili, kwa kuwa hakuruhusiwa kuvuka. Wanasheria wa serikali walikuwa wameandika mahakamani kwamba, pamoja na mengine, amekuwa akipigania kwa miaka mingi uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hilo lilihesabiwa kosa. Na mwigizaji mwenzake wa ile filamu, Kenyatta, siku hiyo ya Juni alikuwa mfungwa wa Waingereza huko Lokitaung, Kenya.

Walimuuliza kama ni Mkomunisti. Akawauliza kama wanataka kumfuata hadi kwenye sanduku la kura watazame karatasi yake. Wakamuuliza kwa nini hakubaki Urusi kama anaipenda hivyo. Akawajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, na yeye atabaki hapa hapa na kuwa na sehemu yake katika nchi hiyo kama wao. Alikuwa amekuja na taarifa iliyoandikwa. Mwenyekiti alikataa isisomwe, kisha akafunga kikao. Kamati ilimwita mtu aje aseme, halafu ikamzuia kusema alichokuja nacho.

Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama ya Juu kuamua kesi ya mtu mwingine yenye hoja kama yake. Miaka minane ya sauti ile hakuna aliyemlipa.

Kwetu Dodoma, msanii akifika bungeni mara nyingi huketi kwenye jukwaa la wageni. Spika humtambulisha, yeye husimama na kupunga mkono, wabunge hupiga meza, mambo yakaendelea. Huko kwenye vyumba vya kamati, ambako miswada hupikwa na wadau hutoa maoni, yeye haonekani sana. Sioni ubaya akiitwa. Wasanii wetu wanajua mengi kuhusu hakimiliki, mikataba mibovu, wenzao waliougua bila bima wakachangiwa fedha za matibabu mitandaoni. Hayo ni mambo yao, na nani ayaseme kama si wao?

Lakini siku atakapoitwa kuzungumzia wavuvi, au wakimbizi, au watoto wenye selimundu, nawaomba makatibu wa kamati wapange ratiba hivi: mvuvi, mkimbizi na mzazi wa mtoto huyo wazungumze kwanza, wakati wabunge wote wapo na chai haijafika. Mtu maarufu awe wa mwisho. Wakitaka kumwona watabaki.