Bunduki ya Babu

Tuseme, msomaji, kuwa wewe u mwenyeji wa Uingereza, nawe umerithi bunduki ya marisau ya babu yako, yenye mitutu miwili, iliyofuliwa Birmingham katika karne ya 19. Kutu imeila, na kitako chake kimelika mahali alipozoea kuegemeza shavu. Je, kuifanya mpya ni kumheshimu mzee, au ni kumfuta?

Wengi watajibu upesi kwamba kusafisha ni kuheshimu. Ngoja kwanza. Mitutu mingi ya zama zile ilifanywa kwa vipande vyembamba vya chuma na chuma cha pua, vikasokotwa kama kamba, vikazungushiwa ufito na kuungwa motoni kwa nyundo. Mawimbi ya nakshi yake huonekana kwa sababu fundi aliutia mtutu kutu kwa makusudi, akaisugua, akaitia tena, siku baada ya siku. Kutu ile ile iliyo adui ikiachwa huwa pambo ikitawaliwa. Asuguaye kwa msasa bila kujua huondoa nakshi, hupunguza unene wa chuma, na pengine hufuta mhuri wa nyumba ya majaribio, ambayo huko Birmingham iliundwa kwa sheria ya mwaka 1813, ili mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuaminiwa.

Hapa swali si la urembo tena. Bunduki kuukuu iliyong'arishwa humwambia mgeni: nipakie risasi za leo. Mtutu uliofuliwa kwa ajili ya baruti nyeusi huweza kupasuka kwa msukumo wa baruti ya sasa, na mkono utakaopotea ni wa mtu aliyeyasadiki macho yake. Nionavyo mimi, kutu ilayo izuiwe, mti unyweshwe mafuta, na pale shavu lilipolala paachwe.

Nasema hivyo nikiwa na hatia. Mimi sikurithi bunduki, nilirithi kigoda. Likizo moja, nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, nilikisugua na kukipaka vanishi mpaka kikang'aa, nikampelekea baba kwa fahari. Alikigeuza mikononi, akapapasa ukingo ambao marehemu alikuwa akikatia tumbaku yake kwa kisu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na kile cha babu yako kiko wapi?"