Mtaala wa Mtu Mzima

Miaka ipatayo 2,400 iliyopita Plato aliandika mazungumzo ambamo Meno anambana Socrates kwa swali: mtu atakitafutaje kitu asichokijua? Kama anakijua, hana haja ya kukitafuta. Kama hakijui, hata akikutana nacho njiani hatakitambua.

Mtoto wa shule hasumbuliwi na swali hilo, maana wapo waliomjibia. Wizara imeandika mtaala, mwalimu ameandaa somo, kengele imegongwa. Anayebaki na mzigo wote ni mtu mzima aliyeamua kujifunza bila shule. Yeye ndiye mwanafunzi na yeye ndiye mpangaji wa masomo, na anatakiwa kupanga leo mambo ambayo angeyapanga vizuri zaidi kama angekuwa ameshayajua.

Wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, wapo watu walioukabili ugumu huu kwa penseli. Kyarumba, kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, ni nyumbani kwa Bukonzo Joint, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa ambacho pia huweka akiba na kukopesha fedha. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanachama wake walishirikiana na mtafiti Linda Mayoux na shirika la Oxfam Novib la Uholanzi kujenga namna ya kujifunza na kupanga kwa michoro, inayojulikana kwa kifupi kama GALS. Wengi wao, hasa wanawake, hawakuwa wamebahatika kusoma sana. Basi mpango ukachorwa.

Mchoro wenyewe ni huu. Mkulima hufungua daftari na kuchora duara kubwa juu, upande wa kulia. Humo anaweka maisha anayoyataka: nyumba ya bati, ng'ombe, watoto waliovaa sare, mibuni iliyopaliliwa. Chini, upande wa kushoto, anachora duara jingine la hali yake ya leo, bila kujipendelea. Anayaunganisha kwa mistari miwili inayopanda, ikawa barabara. Kandokando yake anachora fursa alizonazo na vikwazo vinavyoweza kumwangusha. Mwisho anagawa barabara kwa vituo, na kila kituo kina kipimo: akiba kiasi gani, miche mingapi, ifikapo lini.

Katika mchoro huo hakuna orodha ya masomo. Hapo ndipo wakulima hawa wanapomjibu Meno. Mtu huenda asijue anachokitafuta, lakini anajua anachokikosa, na kukosa ni namna ya kujua. Mwenye kuchora nyumba ya bati na akiba ya sasa ataona pengo kati ya viwili hivyo, na pengo hilo ndilo litakalomwambia kama ajifunze kupogoa mibuni, kuweka hesabu au kusoma mizani ya mnunuzi. Orodha ya masomo iliyotangulia maisha yenyewe huwa ni ya kubahatisha, hata ikiandikwa kwa mwandiko mzuri namna gani.

Kahawa ya Rwenzori inalionyesha jambo hili wazi. Arabika nzuri hutoka kwenye buni nyekundu, zilizochumwa moja moja. Lakini katika nyumba nyingi watu walikwanyua tawi zima, mbichi kwa mbivu, wakaanika chini kwenye udongo. Mtaalamu wa kilimo angepanga semina ya uchumaji bora, na semina hiyo isingefaa kitu, kwa sababu kila mkulima alijua kuwa nyekundu ndiyo yenye thamani. Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba. Mke aliyepalilia shamba hakuwa na uhakika wa kuiona fedha, kwa hiyo alichuma mapema kidogo akauza kimya kimya. Mume naye akawahi kabla hajawahiwa.

Ndipo ukaja mchoro mwingine, wa mti. Kwenye mizizi, kila mmoja anachora kazi anazozifanya. Kwenye matawi, anachora jinsi fedha inavyotumika na nani anayeitumia. Mti wenye mizizi mingi upande wa mke na matawi mazito upande wa mume hauhitaji mhadhara. Baadhi ya wanandoa walianza kupanga pamoja, kuchuma pamoja, hata kuandikishana ardhi kwa majina ya wote wawili, na ubora wa kahawa ukapanda. Somo walilolihitaji lilikuwa uaminifu, nalo halikuwa kwenye mtaala wa mtu yeyote.

Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya wanakijiji kuizunguka redio. Zilikuwa juhudi kubwa na zilistahili heshima. Hata hivyo swali lilitoka juu, na anayejifunza alipokea swali pamoja na jibu lake.

Kuna jambo ambalo msemo wa kujifunza mwenyewe hulificha: muda wa mtu mzima una wenyewe wengi. Mama anayeuza bidhaa Mpondwe, jirani na Bwera, ambako mto Lhubiriha ndio mpaka na ng'ambo yake ni Kongo, anaelewana kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa Rwenzori, na Wanande wa upande wa pili. Akitaka kuuza mbali zaidi, Kiswahili au Kifaransa kitamsaidia. Lakini saa moja ya kusoma jioni ni saa iliyotolewa kwenye maji, kuni, mtoto au mume. Akiipanga peke yake, ataipoteza kwa mgeni wa kwanza atakayebisha hodi.

Mpango pia humbadilisha aliyeupanga. Mwaka 1954 mwandishi Mwingereza Tom Stacey alitembea milimani Rwenzori na mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane. Kutokana na safari hizo kikaanzishwa chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo: watu wazima wakakusanya masimulizi na mila zao wenyewe, wakati watoto wao walikuwa wakifundishwa kwa Kitooro, lugha ya ufalme wa Tooro uliowatawala. Waliuliza sisi ni nani. Kabla ya miaka kumi kupita walikuwa wakiuliza nani anatutawala, na tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi iliyojitenga na Tooro. Mikusanyiko ile ya historia peke yake haiwezi kubebeshwa lawama ya miaka ya vita na vifo iliyofuata. Ila yaliyotokea yanathibitisha kwamba anayeanza kujifunza na anayemaliza wanaweza wasikubaliane juu ya lengo. Ndiyo maana barabara ya Kyarumba huchorwa upya.

Msimu, basi, ni kipimo kizuri cha kupangia kuliko mwaka. Kasese hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na baada ya kila mvua shamba hutoa majibu ambayo mkulima hawezi kuyapamba.

Wewe unayetaka kujipangia msimu wa kujifunza, usianze na vitabu wala kozi. Chora maisha unayoyataka na maisha uliyonayo, kisha, kabla hujatumia hata shilingi, mwonyeshe mchoro huo mtu unayeishi naye na mkubaliane saa zako zitatoka wapi.