Hofu, Woga na Kicho

Neno la Kiingereza "awe" lilitoka katika lugha za kale za Ulaya ya Kaskazini, na maana yake ya kwanza ilikuwa hofu kali. Baadaye lilitumika kwa hofu ya kumcha Mungu, kisha kwa heshima iliyochanganyika na mshangao. Leo limezaa maneno mawili yasiyopatana: "awful", kibaya mno, na "awesome", kinachopendeza mno. Je, hofu inaweza kuwa wema?

Kiswahili kina maneno yake. Hofu tuliipokea kutoka Kiarabu. Woga na kicho ni ya Kibantu. Mwoga hulaumiwa, mwenye hofu hupewa pole, na mcha Mungu, mwenye kicho, husifiwa. Huku kwetu Mununga, kando ya Ziwa Mweru, Kibemba hutumia kitenzi kimoja, ukutiina, kwa mamba na kwa Mungu pia. Basi neno peke yake halitoshi, tutazame matendo.

Sheria ya Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Wavuvi wawili wanaweza kulala nyumbani usiku mmoja: wa kwanza kwa sababu boti ya doria inapita, wa pili kwa sababu anajua mayai ya samaki ni chakula cha kesho. Kwa macho hawatofautiani. Boti ikiondoka, wa kwanza huchukua nyavu zake. Hofu hutazama madhara yatakayonipata mimi. Kicho hutazama thamani ya kile ninachoweza kukiharibu.

Atasema mtu kwamba mwenye watoto wenye njaa hana nafasi ya kicho. Hoja hiyo ni nzito, na jamii inayofunga ziwa inawajibika kumtazama mzazi huyo. Lakini tukumbuke mpumbu, samaki aliyevuliwa kwa wingi alipokuwa akipanda Mto Luapula kwenda kutaga. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Waliokula mayai yake walikula na riziki yetu.

Kwa hiyo naona kwamba kutoogopa si ushujaa kila mara. Doria ikiongezwa, hofu itaongezeka. Kicho hufundishwa na mzee anayemweleza kijana kwa nini nyavu zimeanikwa.