Je, Hofu ya Jirani Ndiyo Amani?

Wako watu wenye busara wasemao kwamba amani hulindwa na hofu. Jirani akijua ya kuwa akivuka mpaka atapigwa vibaya, hatavuka. Basi na aogope, nasi tutalala usingizi. Tangu mwaka 1949, Urusi ilipopata bomu la atomi kama Marekani, mataifa makubwa yamejenga ulinzi wao juu ya fikira hiyo. Si fikira ya kipuuzi, wala si ngeni kwetu. Nchi hizi za magharibi, tangu Urambo hadi Ugalla na Mpanda, ziliijua kabla bomu halijabuniwa. Yafaa basi tuipime kwa mizani ya kwetu.

Katika siku za babu zetu, vijiji vya nchi hizi vilizungushiwa maboma ya miti, kwa maana hakuna aliyemwamini mwenzake. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Rugaruga wa Mirambo walikuwa na bunduki, na sifa zao zilitangulia mbele yao. Watemi waliposikia jina lake, wengine walitoa kodi pasipo vita. Huko ndiko kumzuia adui kwa kumtisha: silaha yafanya kazi yake kabla ya kufyatuliwa.

Lakini tutazame mwisho wake. Mirambo aliwaacha watemi wengi aliowashinda katika viti vyao, mradi wamtii. Alipofariki tarehe 2 Desemba 1884, kila mmoja alitazama huku na huku, akaona ya kuwa yule aliyeogopwa hayupo tena. Haikupita miaka mingi, dola ile ikasambaratika. Mwezi huohuo alifariki pia Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu. Huyo naye alikuwa mkali, wala hatumsifu kwa damu aliyoimwaga. Hata hivyo, alikuwa ameweka watwale wake kuzitawala sehemu za nchi, kila mmoja na eneo lake na wajibu wake. Utawala wake haukuzikwa pamoja naye. Mgalula, mwanamke, aliurithi, nao ulidumu mpaka Wajerumani walipoingia. Hofu hufa pamoja na mwenye kuogopwa. Utaratibu waweza kumwishi aliyeuanzisha.

Mtu atatujibu: dawa ya moto ni moto. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Je, yangetoka kwa maneno matupu? La, yasingetoka. Taifa lina haki, tena lina wajibu, wa kuwalinda watu wake, nasi hatuwezi kuwabeza askari waliokufa kwa ajili hiyo. Lakini vita ile yatufundisha jambo jingine pia. Kumtisha adui kwategemea kwamba adui hupiga hesabu vema. Amin hakupiga hesabu vema. Basi kinga hii huweza kutuangusha mbele ya mtu yuleyule tunayemhofia kuliko wote.

Tena liko swali la dhamiri. Askari alindaye mpaka atisha kwa jambo ambalo ni halali kulitenda. Mwenye bomu la atomi atisha kuuteketeza mji mzima, pamoja na wazee wake na watoto wanyonyao. Je, ni halali kukusudia jambo ambalo ni dhambi kulitenda, ati kwa kuwa twatumaini hatutalitenda? Sisi twasema si halali. Papa Fransisko alisema hivyo mjini Hiroshima, Novemba 2019, kwamba hata kumiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili. Mataifa ya Afrika yalikuwa yamekwisha kuchagua njia hiyo katika Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009.

Basi, ni nini kiwekwe mahali pa hofu? Tunao mfano karibu. Mwaka 1972 maelfu ya watu waliikimbia Burundi kwa mauaji, na wengi wao walipewa ardhi Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Wangeweza kuhesabiwa kuwa hatari na kuzungushiwa ua. Badala yake walipewa mashamba. Uraia ulikawia, na miaka ya kuungoja ilikuwa na mashaka mengi. Lakini tangu mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi yale na ya Ulyankulu walianza kupokea hati zao. Mtu mwenye shamba, shule ya watoto wake na sauti katika kijiji, hahitaji kutishwa ili akae kwa amani. Amani ni mali yake pia.

Hatusemi bunduki zitupwe leo. Twasema bunduki ni ua, wala ua si nyumba. Baba atawalaye kwa fimbo peke yake, siku akisafiri ataona nyumba yake ilivyokuwa. Na kila mtawala, na kila taifa, lijiulize vivyo hivyo: yule anayeogopwa akiondoka kesho, ni kitu gani kitakachobaki?